Unga wa Lokesh

Mzee Bhanwarlal Purohit alikuwa mgonjwa wa figo, na kila siku saa sita mchana alivaa makubadhi yake, akashika fimbo, akatoka nyumbani kwa bintiye kwenda kula chumvi.

Mwenyewe hakuiita hivyo. Alisema anakwenda kupata chakula. Pale kona, karibu na stendi ya bajaji, palikuwa na hoteli ndogo yenye benchi mbili na sufuria isiyopoa, na huko aliagiza dengu, chapati nne na achari ya embe, akalipa kwa pensheni yake ya ukarani wa reli, akarudi miguu imevimba hadi makubadhi yanambana. Nyumbani Kanchan alikuwa ameshampikia: mboga zilizochemshwa maji yakamwagwa, chapati bila chumvi, mtindi wa kuonja tu, vyote kama daktari alivyoagiza. Sinia lilimngoja mzee mpaka likapoa. Kisha Kanchan akakila chakula hicho mwenyewe, amesimama, maana kukimwaga aliona dhambi na kumlisha mtu mzima kwa nguvu hakuweza.

"Baba, leo nimekupikia uwele. Kaa ule."

"Mwanangu, mbona unapenda kunijaribu? Sili kwako. Unajua sili."

"Kwani nyumba yangu ina sumu?"

"Ingekuwa sumu ningekula. Nyumba hii ni ya mumeo. Nilikutoa mbele ya moto wa arusi, kwa mikono yangu hii, watu wa Nagaur wakiona. Nilichokitoa sadaka leo nikirudie, nikile? Babu yako hakunywa hata maji kwa shangazi zako. Akienda kuwaona alibeba chupa."

"Babu hakuwa na figo mbovu."

"Ndiyo ujue faida ya kutokula kwa mabinti!" Mzee akacheka peke yake, akatafuta fimbo.

Mcheshi alikuwa, hilo lazima tumpe. Alikuja Jaipur kwa wiki mbili za vipimo, mjane asiye na mtu wa kumwangalia kule Nagaur, na sasa mvua zilikuwa zimekuja na kwisha naye yupo. Kulala alilala kwa bintiye, kwenye godoro la chumba cha mbele, chini ya feni ambayo mkwe wake Hemraj, fundi wa feni, aliifunga kwa ajili yake. Upepo wa feni haukumtia dhambini. Maji ndiyo yaliyokuwa na hatia. Kila asubuhi alibeba dumu hadi kwenye bomba la hekaluni, akarudi akihema, wakati jikoni kwa bintiye bomba linadondoka hapo hapo nyuma ya ukuta. Majirani walimsifu, wakasema mzee ana msimamo. Kanchan alipowasikia aliona haya, kana kwamba ni yeye aliyemnyima baba yake maji.

*

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka. Alibonyeza mguu wa mzee kwa kidole, shimo likabaki. Akasoma majibu ya vipimo, akayasoma tena, kisha akamgeukia Kanchan.

"Nani anampikia?"

"Mimi."

"Wewe nani yake?"

"Binti yake."

"Umesoma?"

"Nimesoma, daktari."

"Basi hebu nieleze, binti aliyesoma anamlishaje baba yake chumvi kiasi hiki? Nilikuandikia. Nilikuchorea mpaka picha. Unataka afike kwenye mashine ya kusafisha damu? Akiendelea hivi atafika, tena karibuni. Na wengine hata huko hawafiki."

Mlango ulikuwa wazi, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi waligeuka kumtazama mwanamke anayemuua baba yake. Kanchan alimwangalia mzee, akingoja neno moja tu. Mzee Bhanwarlal alikuwa anafunga vifungo vya shati lake, polepole, akikichunguza kila kifungo kama mtu anayekinunua.

"Nisamehe, daktari," Kanchan akasema. "Nitapunguza."

Kwenye bajaji mzee alijaribu kuleta mzaha. "Hawa wasichana, wakishavaa koti jeupe tu, wanagomba kama mama mkwe."

Kanchan hakucheka. "Ungemwambia, baba."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba huli kwangu. Kwamba napika unaacha."

"Mambo ya nyumbani umtolee mtu baki? Angeniuliza mwanao wa kiume yuko wapi. Ningemjibu nini, mbele ya watu wote wale?" Wakavuka taa za barabarani. "Lokesh akipata nafasi atakuja kunichukua. Ni injinia kule Melbourne, si mtu wa kuacha kazi ovyo. Kwake nitakula hata hiyo nyasi yenu mnayoichemsha."

"Na mpaka aje?"

"Mpaka aje, nitajikaza."

*

Lokesh hakuwa injinia tena. Kanchan alijua, mzee hakujua. Kampuni ilimwachisha kazi mwaka uliopita, na sasa alikuwa akiwapelekea watu vyakula majumbani kwa gari la kukodi, akilala chumba kimoja na vijana watatu. Shamba la uwele liliuzwa ili aende huko, na dhahabu ya marehemu mama yao ikafuata. Kwa hiyo kila Jumapili, kabla ya kumpigia baba yake kwa video, alivaa shati la kazi yake ya zamani.

Kanchan alimpigia kutoka darini, kwenye nguo zilizoanikwa.

"Dada, naapa kwa mama, sina kitu. Kodi ya mwezi huu nimekopa."

"Sikuombi pesa, Lokesh. Nakuomba uongo."

"Uongo gani?"

"Mpigie baba. Mwambie kuanzia leo unaleta pesa ya chakula chake. Unga wake, mboga zake, mpaka maji ya kunywa. Mimi kazi yangu kupika tu, kama mtumishi. Akisikia ni chako, atakula."

Upande wa pili ilisikika taa ya gari ya kukatia kona, ikilia tiki-tiki.

"Na hiyo pesa itatoka wapi?"

"Niachie mimi."

"Shemeji anajua?"

"Atajua."

"Dada, baba ataanza kunisifu. Humjui akianza kusifu?"

"Namjua sana."

"Sasa mimi nitasema nini?"

"Utasema ndiyo, baba. Si ndilo neno unaloliweza tangu utotoni?"

Wakacheka wote wawili, halafu Lokesh akaanza kulia. Kanchan alimwacha alie. Simu za mtandaoni hazikati salio, na yeye alikuwa na nguo za kuanua.

*

Mzee alipokea habari ya Lokesh kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye mkutano. Jioni ile ile aliketi sakafuni, akanawa, akangoja sinia. Lakini kabla ya kula alitoa sharti.

"Unga wa Lokesh uwekwe debe lake. Usiuchanganye na wa Hemraj, nisije nikala dhambi kwa bahati mbaya."

Kanchan alinunua debe jipya la bluu. Akafungua gunia lile lile walilokuwa wakila wote, akamimina nusu humo debeni, na kuanzia saa ile nusu hiyo ikawa halali. Chupa kubwa ya maji ya kununua ikawekwa kando ya godoro. Dumu la hekaluni likapumzika.

Mzee alikula chapati tatu, akafuta sinia kwa kidole.

"Hakina chumvi," alisema.

"Daktari kakataza, baba."

"Lakini kitamu. Chakula cha mtu wako ni cha mtu wako."

Kanchan alikwenda jikoni, akafungua bomba ili maji yapige kelele. Tangu aolewe, miaka kumi na minane, alitamani kumwona baba yake akila mkononi mwake. Sasa anakula, na chakula si chake. Alifurahi, na furaha yenyewe ilimchoma, hakujua aishike wapi.

Kazi yake ilikuwa kushona pindo za sari kwa ajili ya duka moja la mjini. Alichukua mafungu mawili zaidi, akawa anashona huku anapika. Hata hivyo pesa hazikutosha. Mboga za figo na maji ya chupa havikuwa bei ya mtu maskini, na baada ya mwezi mmoja Charu, binti yake wa pekee, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuingia udaktari, aliambiwa asimamishe kidogo darasa lake la jioni. Charu hakuuliza kwa nini. Aliingiza vitabu chini ya kitanda, akachukua sindano, akakaa kando ya mama yake.

Mzee kwa upande wake alinenepa kidogo na kuchangamka sana. Mtu anayekula cha mwanawe hahitaji kujikunyata. Siku moja alimleta rafiki yake wa zamani wa reli, Mzee Kishorilal, bila kumwambia mtu.

"Karibu, karibu! Hapa unakula kwa Lokesh!" Akapaza sauti kuelekea jikoni. "Kanchan, mwenzangu mwekee samli. Usibane mkono, mwenye pesa hajalalamika!"

Hemraj alirudi kutoka dukani mikono ina grisi, akasimama mlangoni kwake.

"Na huyu?" mgeni akauliza.

"Mkwe wangu. Bwana mkwe, njoo ukae nawe ule, usione haya. Ni chakula cha shemeji yako."

Hemraj alinawa, akaketi, akala kwa adabu kama mgeni. Baadaye alimfuata mkewe jikoni.

"Mama Charu, nimekaribishwa kula chakula changu."

"Nimesikia."

"Nimeambiwa nisione haya."

Kanchan alijaribu kujizuia akashindwa. Akacheka, Hemraj naye akacheka, kila mmoja ameziba mdomo ili mzee asisikie. Hemraj ndiye aliyenyamaza kwanza.

"Lakini Charu hacheki," alisema.

*

Majibu mapya ya vipimo yalimfanya daktari avue miwani. Miguu ilikuwa imenywea, damu ilikuwa na nafuu, na habari ya mashine haikutajwa. Alimtazama Kanchan, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Haya, sasa umekuwa binti. Hongera."

"Si yeye, daktari," Mzee Bhanwarlal akadakia, kwa sauti ya kufika hadi kwenye benchi. "Ni mwanangu wa kiume. Yuko Melbourne. Chakula chote analeta yeye."

Safari hii sauti yake alikuwa ameipata.

Siku chache baadaye alimwita Kanchan, akamwambia akae. Alikuwa amevaa kilemba chake cha siku za heshima, na Kanchan akajua kuna jambo.

"Nimefikiri sana kuhusu nyumba ya Nagaur. Naiandika kwa Lokesh yote. Sasa kwa sababu ni nyumba ya babu, sheria za siku hizi zinasema na wewe una fungu humo. Kwa hiyo tutakwenda kwa msajili, utaachia haki yako."

Kanchan alianza kukunjakunja pindo la sari yake.

"Si jambo geni. Shangazi zako wote wanne waliweka dole gumba, hakuna aliyelia. Ukiachia, mlango wa kwa kaka yako uko wazi maisha yako yote. Sikukuu ya dada kumfunga kaka uzi mkononi utakuja, atakupa sari, utakula. Ukidai fungu, utalipata fungu, lakini kaka humpati tena. Unanielewa?"

"Nakuelewa, baba."

"Usidhani sikupendi. Ila wewe mwenyewe shahidi, umeona kwa macho yako. Nilipougua, nani alinilisha?"

Jibu lilimfika Kanchan kwenye ulimi. Lilikuwa neno moja, fupi kuliko jina la kaka yake. Angelisema, na kesho saa sita mzee angevaa makubadhi. Aliiona ile hoteli, benchi zile mbili, sahani ya achari. Alimjua baba yake: angejisikia amelishwa haramu miezi yote ile, na angekwenda kujitakasa kwa chumvi mpaka chumvi immalize.

"Lokesh, baba," alisema.

*

"Mwambie," Hemraj alisema asubuhi, jikoni, sauti ya chini lakini meno yamebana.

"Nikimwambia atarudi hotelini."

"Arudi! Mtu mzima akichagua kufa kwa achari, wewe utamfanyaje?"

"Baba Charu!"

"Samahani. Lakini sikiliza. Mimi nyumba ya baba yako sikuwahi kuitaka. Nilipokuoa sikuuliza kuna nini Nagaur, uliza mtu yeyote. Ila yule mtoto ana kichwa, na vitabu vyake viko chini ya kitanda. Fungu lile lingemsomesha mpaka avae koti jeupe. Unamnyang'anya binti yako ili umpe nani? Baba ambaye hakutaji?"

Kanchan alikuwa anakanda unga wa debe la bluu. Aliendelea kuukanda ingawa ulikuwa tayari.

"Unadhani mimi siumii? Naumia mpaka usingizi sipati. Lakini nikisema kweli nipate nyumba, halafu baba afe, nitaingiaje humo ndani? Charu nitamsomesha kwa ada inayonuka maiti ya babu yake?"

Hemraj alichukua mfuko wake wa bisibisi, akaenda kazini bila chai.

Lokesh naye alipiga. Alisema atakataa nyumba. Kanchan akamwambia akikataa ataulizwa sababu. Basi, Lokesh akasema, ataipokea, halafu atamgawia nusu kimyakimya, ataona, naapa kwa mama, Dada. Kanchan akasema sawa. Hakuwa na shaka kwamba kaka yake alikuwa anasema kwa moyo. Kila kitu alichowahi kuahidi alikiahidi kwa moyo, na madeni yake nayo yalikuwa yanangoja pale pale.

*

Ofisi ya msajili Nagaur ilikuwa imejaa watu walioketi sakafuni. Walikuja kwa treni ya alfajiri: mzee, Kanchan, na Hemraj, ambaye alihitajika kama shahidi. Kanchan alibeba chakula cha mzee kwenye vyombo vya kupandana, kimefungwa kwa kitambaa. Wanawake wengine wawili mbele yao walikuwa wamekuja kwa shughuli ile ile, nyuso zimefunikwa kwa ushungi, kila mmoja na kaka yake kando.

Karani alipiga picha, akasoma maandishi kwa mbio, akamtazama Kanchan juu ya kompyuta.

"Dada, unaachia haki yako kwa hiari?"

"Ndiyo."

"Hakuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna."

"Umepokea chochote kwa ajili ya hili?"

Hemraj alikohoa. Mzee akageuka kumtazama, na kwa muda ule mdogo mambo yote yalikuwa mkononi mwa fundi wa feni. Angesema sentensi moja tu. Kanchan alimtazama mumewe. Hakumkonyeza, hakumkataza, alimtazama tu. Hemraj akainamisha kichwa, akachukua kalamu, akasaini pale pa shahidi.

"Sijapokea chochote," Kanchan akasema.

Karani akamshika dole gumba la kushoto, akalibonyeza kwenye wino, akalibonyeza kwenye karatasi, akaita jina linalofuata.

Walitoka barazani. Mzee Bhanwarlal alikuwa mwepesi kama bwana harusi. Alimgusa Kanchan kichwani kwa kiganja kizima, akambariki mara mbili, akasema sasa hata akifa leo amelipanga jambo lake. Halafu akasema njaa inamuuma. Kanchan alitandika kitambaa kwenye ngazi, akafungua vyombo, akampangia. Hemraj alikwenda kusimama mbali, karibu na geti, akiwapa mgongo.

"Mpigie Lokesh," mzee alisema akiwa na tonge mkononi. "Kwa video. Nataka nimshukuru huku nakula, anione."

Lokesh alipokea akiwa ndani ya gari. Hakuwa amejiandaa, alikuwa na fulana ya kazi yenye alama ya kampuni ya vyakula, na nyuma yake kiti kilikuwa na mfuko mkubwa. Mzee hakuona hayo. Macho yake hayakuwa mazuri, na alikuwa ameinua chapati mbele ya simu.

"Unaiona? Unga wako huu! Daktari mwenyewe kashangaa. Mtu niliyekuwa nakwenda kufa, umenirudisha kwa unga wako. Nimelishwa na mwanangu, na kila mtu Nagaur atajua. Umri wangu uliobaki Mungu akupe wewe wote."

Lokesh alifungua mdomo. Haikutoka hata ile ndiyo. Hakuwa anamtazama baba yake. Alikuwa anatazama pembeni ya kioo, mahali vidole vya dada yake vilipoishika simu.

"Mbona hasemi?" mzee akauliza. "Mtandao umekatika?"

"Haujakatika, baba," Kanchan akasema. "Anakusikia."

"Basi mwambie aongee."

 Kanchan aliendelea kumshikia simu kwa mkono ule wenye wino, na kwa mkono wa pili akamwongezea baba yake chapati. Mzee akaimega, akala.